Fundo la Kiatu

Mtaa mzima ulimwita Tupa, kwa ajili ya kile chuma chenye meno madogo ambacho hakikutoka mkononi mwake tangu ujana. Alikuwa fundi wa vitasa na makufuli. Ufunguo aliuchonga kwa mkono, akaupuliza vumbi, akaujaribu, akaupunguza kidogo tu, akaujaribu tena. Siku hizi kuna mashine inayofanya hayo kwa muda wa kupiga chafya, na ufunguo unaotoka humo hudumu muda huohuo. Lakini hayo ndiyo maendeleo, na nani atabishana nayo?

Ukutani mwa karakana yake, ambayo ndiyo iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba, palikuwa na ubao wa misumari, na kwenye misumari hiyo mtaa ulitundika funguo zake za akiba. Mwoka mikate aliacha wa duka. Mwalimu mstaafu aliacha wa nyumba. Mama mmoja mwenye watoto watundu aliacha wa kabati la sukari. Hakuna aliyeweka sahihi wala kuita shahidi. Ulikuja, ukasema, "Niwekee," ukaenda zako ukalala usingizi. Mwambie mtu leo aache ufunguo wake kwa jirani, atakushika kipaji cha uso aone kama una homa.

Aliyezitia alama funguo hizo alikuwa mkewe. Huyu alikuwa mshonaji, cherehani yake ikikaa pembeni mwa karakana hiyohiyo, na kila ufunguo ulioingia aliufunga kipande cha kitambaa kutoka kwenye kapu lake la mabaki: cheupe cha mwoka mikate, cha maua cha mwalimu, na kadhalika hadi ubao ukaonekana kama kamba ya kuanikia nguo za wanasesere. Fundo lake lilikuwa dogo na gumu, mkia umefichwa ndani, na kadiri ulivyolivuta ndivyo lilivyojikaza. Ndiyo maana akaitwa Mama Fundo. Kwamba neno hilo lina maana nyingine, ile ya kinyongo kinachokaa kooni hakimezeki wala hakitemeki, mtaa ulikuja kulikumbuka baadaye.

Tupa alifunzwa kazi na fundi mkali wa zamani, marehemu sasa, aliyempa sheria kabla ya kumpa tupa. Mlango haufunguliwi mpaka mwenyewe aseme "fungua" kwa kinywa chake; si kwa kinywa cha jirani, si cha shemeji. Na ukishafungua, geuka, upe mlango mgongo mpaka mwenyewe aingie. Yaliyomo ndani si yako. Fundi wa leo ukimpelekea picha ya ufunguo wa mtu mwingine kwenye simu atakuchongea huku anazungumza na simu yake ya pili, kisha atakuuliza kama unataka na wa rangi.

Tupa aliishika sheria hiyo mpaka alipokuwa na mvi. Kisha akahamia mtaani mwanamke mmoja ambaye Mungu alimnyima kumbukumbu.

Alipoteza ufunguo Jumatatu. Akachongewa mwingine, akaupoteza Alhamisi. Watu wakamhurumia, maskini, mtu mzima hivi, wakampa jina la Msahaulifu. Ajabu ni kwamba wanja hakusahau kujipaka, manukato hakusahau kujipulizia, na hakusahau hata mara moja wakati ambao Mama Fundo huenda sokoni kununua nyuzi.

"Fungua, fundi," alisema siku moja, kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia.

Tupa akafungua, akageuka kama alivyofunzwa.

"Mbona unaupa mlango mgongo? Umekukosea nini?"

"Ndiyo desturi ya kazi yetu, mama."

"Desturi! Hebu geuka bwana, ndani hamna simba."

Akageuka. Ni kweli, simba hakuwemo.

Baada ya hapo Msahaulifu hakupoteza ufunguo tena, maana Tupa alijichongea wake. Na hapa ndipo alipojiona mwerevu. Mwenye siri ya mti huificha msituni, akawaza, basi ufunguo nao uufiche penye funguo. Akautundika kwenye ubao, kwenye msumari wa chini, katikati ya wenzake. Ila wenzake walikuwa na vitambaa, huo wake ulikuwa uchi. Akachukua kipande cha kijani kapuni kwa mkewe, akakifunga. Akakifunga kama anavyofunga viatu vyake: masikio mawili yamening'inia kama ya sungura.

Mtu aliyefungua makufuli ya mtaa mzima alishindwa kufunga kitambaa.

Mama Fundo aliliona fundo hilo asubuhi moja alipokuwa akifagia. Hakupiga kelele. Aliushika ule ufunguo kwa ncha za vidole, kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula.

"Baba watoto, huu wa nani?"

"Upi? Ah, huo. Wa mteja."

"Mteja gani?"

Tupa akatazama nje kutafuta mteja, na macho yake yakaangukia ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi aliyekuwa akikung'uta shuka lake la kunyolea.

"Wa kinyozi."

Mama Fundo akatoka hadi kizingitini. "Kinyozi! Ufunguo wako uko tayari!"

"Ufunguo gani, shemeji?" kinyozi akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. "Banda langu linafungwa kwa pazia! Niutie wapi, kwenye maua?"

Wateja wake wakacheka. Tupa naye akajaribu kucheka. Mama Fundo hakucheka. Alilivuta sikio moja la lile fundo, nalo likafumuka lote mara moja, kama linavyofumuka fundo la kiatu.

Kilichofuata kilikuwa maelezo. Tupa alieleza sana. Kwa mujibu wake walihusika Shetani, joto la msimu ule, upweke, na dawa ambayo bila shaka alitiliwa kwenye chai. Yeye mwenyewe, kwa bahati mbaya, hakuwepo. Msahaulifu kwa upande wake alipona maradhi yake ghafla: alikumbuka kwamba ana dada mji mwingine, akapanga mizigo, akahama. Ufunguo alikumbuka kuuacha mlangoni.

Mama Fundo angeweza kuondoka. Wapita njia walimpa ushauri wa bure: "Jina lake tu linakuambia la kufanya, dada. Mtupe!" Hakumtupa. Aliona nyumba ni yake pia, cherehani ni yake, na miaka ile yote aliyokaa humo hakuipata kwa kuokota. Alifanya jambo baya zaidi. Alimwita fundi kijana mwenye mashine, akamwekea kitasa kipya kwenye mlango wa chumba cha kulala, mchana kweupe, mbele ya macho ya mume fundi vitasa. Wanasema mganga hajigangi, lakini angalau mganga haletewi mganga mwingine sebuleni kwake.

Kitasa chenyewe kiling'aa kama jino la dhahabu. Tupa alikitazama mara moja, akashindwa kujizuia.

"Mama watoto, hilo ni bati limepakwa rangi. Litakwama."

"Nani kakuuliza, fundi?"

Hilo "fundi" lilimchoma kuliko tusi. Tangu watoto wazaliwe alikuwa baba watoto. Sasa alikuwa fundi, kama anavyoitwa na mtu aliyekuja kutengenezewa kufuli la baiskeli.

"Nasema tu. Kitu cha chuma ndicho hudumu."

"Na ndoa yangu ilikuwa ya chuma," akasema Mama Fundo. "Mbona imekwama?"

Akaingia, akafunga. Tupa akahamia kwenye kochi la sebuleni, ambalo lilikuwa fupi kuliko yeye, na lilikusudiwa hivyo tangu lilipoundwa, maana enzi zile watu walinunua kochi la kukalia.

Basi akaja binti yao kutengeneza mambo. Alikuwa ameolewa, anafanya kazi ofisini, na kwenye simu yake alikuwa na mama mmoja anayefundisha hatua saba za kurudisha uaminifu. Mama huyo, ilisemekana, alikuwa ameachika mara mbili, kwa hiyo alikuwa na uzoefu. Zamani wawili wakikosana walikaa na mashangazi na wajomba, wakaambiana ukweli mpaka mtu akalia, kisha wakala pamoja. Siku hizi mashangazi wamo ndani ya simu, na ukichoka nao unawazima.

"Hatua ya kwanza," binti alisema, akiwakalisha kwenye viti viwili. "Mtazamane machoni bila kusema neno. Mvute pumzi ndefu. Kila mmoja aone utu wa mwenzake."

Wakatazamana. Tupa akavuta pumzi. Mama Fundo naye akavuta yake, akamchungulia mumewe kwa makini.

"Una tongotongo," akasema, akainuka kwenda kuweka sufuria jikoni.

Hatua ya pili haikufanyika. Lakini binti hakukata tamaa. Alichukua simu ya baba yake, akaibonyeza hapa na pale, kisha akaibonyeza ya mama yake, nayo ikaonyesha ramani yenye nukta nyekundu.

"Hii nukta ni baba. Akienda popote unamwona. Hapo hamna tena wasiwasi, mama. Ni uwazi mtupu."

Mama Fundo aliichunga ile nukta siku kadhaa. Nukta ilikaa karakanani. Ilikaa asubuhi, ikakaa mchana. Siku moja akatoka chumbani aone, akaikuta simu juu ya jiliwa la kubania vyuma, imetulia, na Tupa hayupo. Alikuwa amekwenda tu kununua misumari, tena alirudi mbio akihema na kuionyesha misumari yenyewe kama mtoto aliyetumwa dukani. Mama Fundo alimpigia binti yake.

"Njoo uondoe hiki kitu chako. Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na nukta."

Ila adhabu iliyouma kuliko zote haikuwa kochi. Mama Fundo aliacha kufunga vitambaa. Funguo ziliendelea kuja, yeye akashona nguo za watu akiwa ameupa ubao kisogo. Tupa akafunga mwenyewe, masikio ya sungura, na masikio yakafumuka, na vitambaa vikaanguka chini vikafagiliwa. Mwoka mikate alipewa ufunguo wa mwalimu mstaafu, akarudi macho mekundu. "Mzee Tupa, nimesimama mlangoni kwangu nabishana na duka langu mwenyewe!" Mmoja mmoja watu wakaanza kuja kuchukua funguo zao, kwa adabu, wakitoa sababu zisizo na kichwa wala miguu. Mtu huyohuyo ambaye mtaa ulimkabidhi milango yake yote sasa hakukabidhiwa hata kabati la sukari. Hawakuwa wakimhukumu kwa yule mwanamke. La, wengi wao walikuwa na ya kwao. Waliona tu kwamba mkono uliokuwa ukifunga umeacha kufunga.

Tupa alifahamu alichopoteza, na alifahamu kwamba hakirudishwi kwa maelezo. Akajua pia jambo moja ambalo mkewe alilijua vilevile, na hakuna aliyelitamka: kile kitasa cha bati angekifungua kwa waya kabla mtu hajamaliza kusema "hodi". Mama Fundo alipokwenda sokoni aliacha uzi mwembamba umepita ndani ya tundu la ufunguo, ncha yake inachungulia nje kidogo tu. Tupa aliuona siku ya kwanza. Ndani mlikuwa na kitanda chake, shati lake zuri, na mto wake. Alipita pale na waya mfukoni, akaenda kujikunja kwenye kochi lake. Mkewe aliporudi aliukuta uzi vilevile, akauchomoa. Kesho yake akaweka mwingine.

Kitasa kilikwama Jumamosi, jua likiwa utosini. Mama Fundo alikuwa amejifungia ndani akijipima nguo aliyomshonea mteja; alipotaka kutoka, ufunguo ukavunjika kwenye tundu, nusu ikabaki mkononi mwake. Tupa alisikia ule mlio akiwa karakanani. Mlio wa ufunguo kuvunjika aliujua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Akachukua waya na koleo, akaenda kwenye ule mlango, akaketi kwenye kigoda. Akasubiri.

Ndani ikasikika sauti ya Mama Fundo kwenye simu, akimtafuta fundi kijana. Fundi kijana alikuwa amehama, mashine na yote, na simu yake ikamjibu kwa heshima kubwa kwamba hapatikani. Akampigia binti. Binti akaja kwa pikipiki, akamkuta baba yake amekaa mlangoni na vyombo vya kazi mapajani.

"Baba! Umekaa tu? Mfungulie!"

"Mwenye mlango hajasema."

"Mwenye mlango? Si chumba chako hiki!"

"Kilikuwa."

Kinyozi naye aliacha kichwa cha mtu kimenyolewa nusu, akavuka barabara. "Mzee Tupa, acha maringo. Tuupige teke!"

"Piga pazia lako," Tupa akamjibu.

"Mama," binti akaita, "mwambie basi afungue!"

"Simwambii," ikatoka sauti ndani. "Nitapita dirishani."

"Dirisha lina nondo, mama!"

"Najua. Nani aliziweka?"

Aliyeziweka alikohoa kidogo, akainama. Zilikuwa nondo nzuri, za chuma hasa. Aliziweka mwaka ule walipohamia, ili mkewe asiogope.

Harufu ya kuungua ikaanza kutoka jikoni. Binti akataka kukimbilia huko, lakini sauti ya ndani ilitangulia. "Fundi. Zima jiko."

Tupa akaenda, akazima, akarudi kwenye kigoda. "Nimezima."

"Kimeungua?"

"Kimeungua."

Binti alitaka kusema jambo, labda la hatua ya tatu, kinyozi akamvuta mkono wakasogea hadi karakanani. Huyo kinyozi alikuwa mpayukaji, lakini amenyoa watu kwa miaka, anajua wakati wa kuondoa wembe.

"Waya unao," Mama Fundo akasema. Sauti ilikuwa karibu sasa, kama ya mtu aliyekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango.

"Ninao."

"Siku zote hizi ungeweza kufungua."

"Ningeweza."

"Mbona hukufungua?"

"Hukusema."

"Na yule, alisema?"

Hapa ndipo Shetani angeweza kuitwa tena, na joto, na ile chai. Tupa alifungua mdomo, akawaona wote wamepanga foleni wakisubiri kumtetea. Akawafukuza.

"Alisema. Nikafungua, nikageuka kama nilivyofunzwa. Akaniambia nigeuke tena. Nikageuka. Hakunishika mkono. Niligeuka mwenyewe."

"Kisha ukajichongea ufunguo."

"Nikajichongea. Nikaufunga kitambaa chako."

"Vibaya."

"Vibaya."

Kutoka ndani ikasikika sauti fupi ya puani. Inawezekana ilikuwa kilio, inawezekana ilikuwa kicheko, na Tupa hakuthubutu kuuliza ni ipi. Hakuomba msamaha, maana ule aliouomba mwanzo ulikuwa mwingi na haukununua kitu. Alikaa tu, waya mkononi. Karakanani kile kichwa kilichonyolewa nusu kilikuja kumtafuta kinyozi wake, kikaambiwa kinyamaze.

Hatimaye Mama Fundo akasema, polepole, kama mteja yeyote aliyesimama nje ya nyumba yake:

"Fundi. Mlango ni wangu. Fungua." Akatua. "Na ukishaupa mgongo, usigeuke."

Tupa akapiga goti. Akatoa kipande kilichovunjika, akapitisha waya, akasikiliza, akasukuma kidogo. Kitasa cha bati kikakubali kwa aibu. Akausukuma mlango kwa ncha za vidole, akasimama, akaupa mgongo, uso ukielekea ukuta wa sebule ambako palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita.

Akamsikia mkewe akitoka. Akamsikia akisimama nyuma yake kabisa, karibu hata angeweza kuhesabu pumzi zake. Kitu kikaanguka sakafuni kwa kishindo, pengine mkasi, pengine umeangushwa kwa makusudi. Tupa hakugeuka.

Nyayo zikampita, zikaingia karakanani. Ikafuata sauti ya ulimi ukigonga kwenye meno, ule msonyo wa mshonaji aliyeona kazi mbovu. Mama Fundo alikuwa mbele ya ubao. Alivuta sikio la fundo la kwanza, likafumuka. La pili, likafumuka. Akaburuta kigoda, akalivuta kapu la mabaki.

"Haya ndiyo mafundo?" akasema, hakuna ajuaye kwa nani. "Mtu mzima, na mvi, na haya ndiyo mafundo?"

Binti akafungua mdomo. Kinyozi akamkanyaga mguu.

"Baba watoto," Mama Fundo akaita, "ufunguo wa mwoka mikate ni upi? Hivi vyote umevivuruga."

Tupa alisikia alivyoitwa. "Wa meno mapana, wenye kutu kidogo kichwani," akaiambia kalenda. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama watoto. Nigeuke?"

"Nikimaliza nitakwambia."

Kitambaa cheupe kikachanika, fundo dogo likakazwa. Tupa akabaki amesimama, mikono nyuma, anausoma mwaka uliopita, mwezi kwa mwezi. Kinyozi alirudi kwenye kichwa chake cha nusu, akamaliza, akanyoa na vingine, na kila alipochungulia aliuona mgongo wa lile shati palepale. Wateja walioondoka na funguo zao walikuwa wengi, lakini zilizobaki ubaoni zilikuwa bado nyingi, na Mama Fundo hakuwa na haraka.